Stering ikicheza usikimbilie kukaza boksi

Kama una gari ya zamani na usukani umeanza kuwa na mchezo, yaani unauzungusha kidogo na tairi bado hazijasikia, naomba kabla hujamruhusu mtu aguse ile skrubu ya stering boksi, yaani lile sanduku la gia lililo chini ya mti wa usukani, ulale chini kwanza uangalie viungo. Nimeona nilisemee hili kwa urefu maana hapa Malindi zile Nissan Caravan za E24 bado zipo, nyengine zinabeba samaki, nyengine mizigo, nyengine watoto wa shule, na zikikupita unaona dereva anauhangaisha usukani kushoto kulia kwenye lami iliyonyooka kabisa na yeye ashazoea, anaona ndo tabia ya gari kuukuu. Si tabia. Ni ugonjwa na una dawa yake.

Kinachoniudhi ni ile dawa ya haraka. Gari inapelekwa gereji, fundi anaenda moja kwa moja kwenye boksi, analegeza loknati, ile nati inayoshikilia skrubu isizunguke, anaikaza skrubu robo mzunguko, usukani unakuwa mzito kidogo na mwenye gari anaona imepona. Sasa ile skrubu kazi yake ni kusogeza gia za ndani zikaribiane, na gia zenyewe huwa zimelika zaidi pale katikati kwa sababu gari muda mwingi inaenda moja kwa moja, kwa hivyo ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, ukikata kona gia zinabanana. Dalili yake utaiona, ukimaliza kona usukani haurudi wenyewe, lazima uurudishe kwa mkono. Hapo boksi ndo inaanza kufa kweli, na vile viungo vibovu viko vilevile huko chini. Boksi ina wakati wake wa kukazwa, nao ni baada ya kuhakikisha kila kitu kingine ni kizima, tena kidogo kidogo.

Kwenye E24 njia ya nguvu ni ndefu. Boksi inazungusha mkono wa pitimani, pitimani inasukuma senta linki, yaani chuma kirefu cha katikati, upande wa pili senta linki imeshikwa na aidla, mkono mwengine uliofungwa kwenye chesisi, alafu kila tairi ina tairodi yake, fimbo inayoisukuma igeuke, yenye endi mbili, ya ndani na ya nje, hizo endi ni viungo vya mwisho vinavyozunguka. Hivyo ni viungo vingi, na kila kimoja kikilika kiasi kidogo tu, ukijumlisha vyote mpaka ufike kwenye usukani unapata mchezo wa vidole vitatu vinne. Ndo maana kubadilisha endi moja tu ya nje, ile inayoonekana kirahisi, mara nyingi hakusaidii.

Yangu zamani ilikuwa matatu ya kubeba abiria. Ukikwangua rangi ubavuni unakuta bado ule mstari wa manjano wa sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, kwa hivyo imeshakula barabara sana kabla ya kuja kwangu. Mimi naibebea viti na mahema ya harusi, leo Mambrui, kesho Gongoni, mara Garsen, mara ndani huko Langobaya, na kila njia ina mateso yake. Ukipita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hata upepo una chumvi, na mji wenyewe uko baharini, kutu hapa haipumziki. Basi ikaanza kuvuta upande, ikiingia shimo nasikia kok kok chini ya miguu, na tairi za mbele zikawa zinalika kwa ndani, ukipitisha kiganja juu ya meno ya tairi unasikia kingo kama za msumeno. Upepo wa tairi nilikuwa nimeshaupima, uko sawa.

Nikamwita ami yangu, ambaye ameshika spana tangu enzi za Peugeot 504.

"Ami, hii boksi imekwisha?"

"Boksi umeijuaje mwanangu na chini hujaingia? Mwite huyo kijana akae kwenye usukani."

Kijana ni mtoto wa dada yangu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha usukani kidogo kidogo kushoto kulia, gari ikiwa chini kwa tairi zake, injini imezimwa, na sisi tumelala na tochi tunashika kiungo kimoja kimoja. Hii njia naipenda kuliko zote kwa sababu mkono haudanganyi, unakishika kiungo kizima na unasikia upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata baadaye. Anza kwenye pitimani uende mpaka tairi, usiruke. Alafu inua tairi moja moja kwa jeki, shika tairi mkono wa kushoto na wa kulia uitikise, ikicheza hivyo mara nyingi ni tairodi. Shika juu na chini, ikicheza hivyo angalia boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba tairi, au beringi ya tairi, hiyo ni habari nyengine.

Pale kwenye aidla ndo nilishangaa. Ami aliushika mkono wake akauinua juu akaushusha, ukaenda na kurudi bila kujilazimisha, bushi yake, ile raba ya ndani, yote imebaki kama unga wa kahawia tu umeganda pembeni. Aidla haitakiwi kupanda na kushuka kabisa, kazi yake ni kuzunguka mahali pamoja, ikipanda tu senta linki inapinda njia na tairi zote mbili zinageuka zenyewe gari ikipita kwenye tuta. Endi za nje nazo raba zake zilikuwa zimepasuka mstari mzima, ndani hamna grisi, kuna mchanga. Nilichomoa raba ya kushoto kwa vidole nikakuta ile shina ya endi, yaani pini yake yenye uzi wa nati, inazunguka na kuyumba nikiigusa kwa kidole kimoja. Hicho ndo kitu kinachoshika tairi wakati nimepakia viti na vijana wa kufunga mahema wamekaa nyuma. Kikichomoka kwenye mwendo tairi inaenda inakotaka.

Hapo ndo nasema kwa sauti: hivi vitu havichomelewi. Nimeshaona endi zimepigwa nyundo kikombe chake ili kibane, nimeona nyengine zimetiwa kipande cha raba ya tyubu ndani, nyengine zimepigwa weldi kabisa. Ukipiga weldi shina ya chuma kigumu kile unakiharibu ugumu wake, kinakuwa tayari kukatika. Nunua mpya, au subiri upate hela na gari ikae. Spea nilitafuta mjini nikakosa aidla nikaagiza Mombasa ikaja na basi, ni kilomita kama 120 tu inafika siku hiyohiyo. Kwenye endi watu wengi wanaamini chapa ya 555 ya Japan na mimi pia, lakini kasha lenye namba hiyo si ushahidi, feki zipo, kwa hivyo fungua kasha dukani, angalia maandishi yalivyochongwa kwenye chuma chenyewe, zungusha shina kwa mkono, inatakiwa iwe nzito na laini mzunguko mzima, isiwe na mahali inakwama wala mahali inalegea. Na nenda na ile ya zamani ulinganishe urefu na unene wa uzi wa skrubu.

Uwanja wangu ni mchanga, nadhani wengi huku ni hivyo. Jeki inazama, weka ubao mnene chini yake. Na tafadhali msiweke gari juu ya yale mawe ya kuchonga ya kujengea, yale ya matumbawe, wala bloku za simenti, yanaonekana magumu lakini yanapasuka ghafla na wewe uko chini. Tumia stendi za chuma, ukikosa azima gereji. Zuia tairi za nyuma pande zote mbili.

Kufungua endi kulikuwa kuna kazi kwa sababu ya kutu. Tulisugua uzi kwa brashi ya waya, tukamwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tukaacha yanywe usiku kucha. Asubuhi splitipini, zile pini ndogo zinazozuia nati isijifungue, zilikatika, tukazitoa vipande vipande, nati zikafunguka. Shina ya endi inakaa kwenye tundu lenye umbo la kuchongoka, ndo maana haitoki hata nati ikitoka. Usipige shina kwenye uzi. Unashika nyundo nzito nyuma ya lile tundu la mkono, na nyundo ya pili unapiga upande wa mbele pigo moja moja la nguvu, ule mtikisiko unaliachia lenyewe, na likiachia unalisikia, paa, linaanguka. Aidla ni bolti za chesisi tu na nati ya chini, ila moja ilikula muda wetu sana.

Kabla ya kutoa endi kwenye tairodi pima. Sisi tulipima kutoka katikati ya shina moja mpaka katikati ya shina ya pili, tukaandika kwa chaki kwenye ukuta, kila upande na kipimo chake. Kuhesabu mizunguko peke yake hakutoshi kwa sababu endi mpya si lazima iwe na urefu sawa na ya zamani. Na kumbuka upande mmoja wa tairodi una uzi wa kinyume, ukilazimisha kufungua kwa mazoea unakaza. Uzi ule tuliupaka grisi kabla ya kurudisha, mtu atakayefungua tena atashukuru, na huyo mtu labda ni mimi.

Kufunga ni rahisi kuliko kufungua. Futa tundu mpaka liwe kavu na safi, grisi isiingie pale panapobana. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari kama una spana ya kupimia, na tundu la splitipini likiwa halijalingana unaongeza kukaza mpaka lilingane, hurudishi nyuma. Splitipini mpya kila moja, ni kitu cha bei ndogo mno na ndo kinachokulinda. Mahali penye nipo, yaani kile kichuchu cha kutilia grisi, tulijaza grisi mpaka raba ikavimba kidogo tu, ukizidisha inapasuka.

Alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa vipimo, ya mashine tulienda baadaye, lakini gari haiendi kwenye mashine ikiwa tairi zinatazamana vibaya, tairi zinaliwa njiani. Kwa hivyo tulipanga nyumbani. Inua mbele, zungusha tairi huku umeshikilia msumari usiotikisika mpaka uchore mstari mwembamba kuzunguka tairi katikati yake, fanya na ya pili. Shusha gari, itikise, isukume nyuma na mbele ili ikae ilivyozoea. Alafu unashusha timazi ya fundi mwashi kutoka kwenye mstari, mbele ya tairi na nyuma ya tairi, kwa urefu uleule wa katikati ya gurudumu, unatia alama sakafuni. Kwa hii tulisogeza gari mpaka barazani kwa jirani penye simenti, mchangani haiwezekani. Uzi wetu wa timazi ulikuwa mshipi wa kuvulia. Ukipima kati ya alama za mbele na za nyuma, za mbele ziwe pungufu kidogo sana, milimita moja mbili, kitabu chako kitakwambia. Ukirekebisha zungusha tairodi zote mbili sawasawa la sivyo usukani utakaa upande, na uende taratibu: uzi wa milimita 1.5 ukizungushwa mara moja unasogea pande zote mbili, hiyo ni milimita 3 nzima. Ukimaliza kaza klempu, vile vibanio vya tairodi, na loknati zote.

Tulienda nayo mpaka Mambrui. Kwenye daraja la Sabaki kuna upepo wa ubavuni na zamani nilikuwa napashika usukani kwa nguvu zote, safari hii gari ilikaa kwenye mstari wake. Kok kok imeisha. Usukani baada ya kona unarudi wenyewe, na mchezo uliobaki ni mdogo, ule ambao boksi yoyote ya namna hii inakuwa nao. Ile skrubu hatukuigusa.

Baada ya safari za mizigo nilirudi chini na spana, klempu moja ilikuwa imekubali nusu mzunguko zaidi, kwa hivyo na nyie rudini mkague. Kinachofuata ni bushi za mikono ya mbele, ami ashazitazama na kuzikataa, nikizipata Mombasa tunaingia tena chini.