Tuliwapa Watu Mgongo Ndipo Wakatusikia

Tarumbeta nyingi za bendi za jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, zililala begani, domo likitazama nyuma. Bendi ilitangulia, askari wakafuata, kwa hiyo sauti iliwaendea wao. Jambo hili nililijua tangu siku tuliyokutana watu 12 kuufufua muziki huo. Nililielewa baadaye sana.

Kilichonila zaidi ni noti za muziki. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi za enzi ile kwenye intaneti, nikadhani nusu ya safari imekwisha. Kumbe vijitabu nilivyochagua kila kimoja ni cha mpigaji mmoja; karatasi ya kuonyesha sauti zote pamoja hamna. Nikakaa kwenye kompyuta nikiziandika moja juu ya nyingine, na besi ikamaliza wimbo mipigo miwili baada ya wenzake. Nikahesabu upya mara nne, nikijilaumu. La, aliyenakili kwa mkono ndiye aliyepitiwa. Sauti ya alto ya pili ilikuwa imepotea kabisa. Niliitunga kwa kufuata sauti jirani, na siku ya onyesho nilitamka hivyo hadharani, maana siwezi kuuza kiraka kama nguo nzima.

Wimbo hubebwa na koneti ya E-flati, aina ya tarumbeta, ndogo na kali. Anayeipiga kwetu midomo ilimchoka baada ya vipande vitatu, basi kila baada ya viwili nikawa nasimama kusimulia. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba bendi zile zilipiga pia dansi kama polka na waltzi, na vipande vya opera, si muziki wa gwaride tu.

Onyesho la kwanza tuliketi ukumbini kama bendi yoyote, nyuso kwa watu. Sauti yote ikaingia kwenye pazia. Walitupigia makofi ya heshima tu, na mtu huyajua makofi ya namna hiyo.

Mara ya pili tulitoka nje uwanjani. Niliomba radhi kwanza, kwa kuwa kumpa mgeni mgongo si adabu, kisha tukageuka na kuanza kutembea, ngoma ikishika hatua. Watoto walitufuata, halafu wazazi wao. Tulipomaliza mzunguko tukasimama. Wao walibaki palepale nyuma yetu, wakisubiri tuanze tena.