Nilivyodai mshahara wangu Oman

Vijana wa Wete, Pemba, wakinikuta barazani huniuliza kuhusu ligi za Ghuba: kiwango chake, joto lake, hela yake. Hayo nitayapitia haraka. Ninalotaka walijue kwa undani ni namna nilivyoupata mshahara wangu pale klabu ilipoacha kunilipa, kwa sababu nawajua wachezaji waliorudi kutoka nje na begi tu, na hakuna aliyewaambia kuwa njia ya kudai ipo.

Mimi ni beki wa kulia. Nilikulia timu za vijana za Wete, nikapanda hadi Ligi Kuu ya Zanzibar, leo uwanja wa Gombani Pemba, kesho Amaan Unguja. Kilichonitoa ni Kombe la Mapinduzi. Karibu kila Januari timu kubwa za Bara huja Zanzibar kulicheza, na mchezaji wa Pemba ambaye mwaka mzima hakuangaliwa na mtu hupata dakika 90 mbele ya makocha wao. Nikasajiliwa Dar, nikacheza misimu kadhaa, kisha ikaja ofa ya Oman. Nilikuwa na wachezaji wa Zanzibar wa kuwatazama: Nadir Haroub "Cannavaro" alishafika Vancouver, Canada, Abdi Kassim "Babi" akacheza Vietnam.

Hapa pana jambo linaloniuma mpaka leo. Mchezaji hawezi kusajiliwa nchi nyengine bila hati ya uhamisho wa kimataifa, na Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo hati hiyo hutolewa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Mwaka 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea mwezi Machi kuwa mwanachama wa 55, na Julai ikatuondoa. Mwaka huohuo timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, ilifika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati na kushindwa na Kenya kwa penalti tu. Uwezo tulikuwa nao.

Mkataba wangu ulisomwa na ami yangu, karani mstaafu wa mahakama. Alisoma ukurasa mmoja mmoja huku akipigia mstari. Alitaka mshahara uandikwe kwa mwezi pamoja na tarehe ya kulipwa, nyumba na tiketi ya ndege viandikwe, pesa zipitie benki na si mkononi, na nibaki na nakala yenye saini za pande zote. Wakala alilalamika kuwa anatuchelewesha. Ami akamjibu, "Mwanangu huyu anakwenda mbali. Ahadi ya mdomo haina mhuri."

Maisha ya Oman hayakunipa tabu. Joto likipanda tulifanya mazoezi usiku, baada ya Isha. Muscat nilikutana na wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja kama vile hawajawahi kuondoka Malindi ya Unguja, na mama mmoja akawa ananipikia mchuzi wa nazi kila Ijumaa. Uwanjani nilipata namba mapema.

Kisha mshahara ukakatika. Mwezi wa kwanza meneja alisema, "Bukra, inshallah," yaani kesho, Mungu akipenda. Mwezi wa pili akasema vilevile. Wenzangu wawili wa kigeni wakaanza kugoma mazoezi. Mimi nikampigia ami, naye akanitafutia mwanasheria anayezijua kanuni za usajili za FIFA.

Kifungu kinaitwa 14bis, na kimeanza kutumika 2018. Klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki na kudai fidia. Lakini kwanza lazima aiandikie klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Anayeondoka bila ya barua hiyo anaweza kuonekana yeye ndiye aliyevunja mkataba.

Barua yangu ilikuwa fupi: tarehe, namba ya kifungu cha mkataba, miezi inayodaiwa, kiasi cha kila mwezi, akaunti ya benki, na siku ya mwisho ya kulipa. Hakuna tusi, hakuna malalamiko ya nyumba wala chakula. Niliituma kwa barua pepe rasmi ya klabu. Nikaambatanisha taarifa ya benki inayoonesha miezi iliyolipwa na ile iliyo mitupu. Siku zote hizo niliendelea na mazoezi, na kila nikifika nilimtumia kocha ujumbe kuwa nipo, ili pasitokee wa kusema nimetoroka.

Kama wangekaa kimya, shauri lingekwenda Mahakama ya Soka ya FIFA, iliyoanzishwa 2021. Mchezaji halipii gharama za kufungua kesi pale, ila asichelewe zaidi ya miaka miwili tangu tatizo litokee. Sikuhitaji kufika huko. Muda haujaisha, miezi yote miwili iliingia benki, na nikacheza mpaka mkataba ukamalizika. Mwenzangu mmoja alikuwa akidai bonasi aliyoahidiwa chumba cha kubadilishia nguo. Haikuwa kwenye karatasi, hakuipata, na niliumia sana kwa ajili yake.

Barua ile ninayo kwenye simu, nimefuta majina na namba ya akaunti. Aliyepata ofa ya nje aniombe nimtumie, au aje Wete na mkataba wake tukae kitako tuusome, kurasa zote, na zile za nyuma zenye maandishi madogo.