Sanduku la kufuli tatu: namna ya kuanzisha kikundi cha hisa mtaani kisife njiani

Mama lishe akikatika mtaji katikati ya wiki ana milango miwili ya kugonga: wa ndugu, na wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Wa ndugu mara nyingi umefungwa. Wa kausha damu uko wazi, na hesabu yake inaonekana nyepesi ukiitazama kwa siku. Tuseme anapewa 100,000, arejeshe 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 135,000. Lakini marejesho yanaanza kesho yake, kwa hiyo kwa mwezi mzima anakuwa na wastani wa nusu tu ya ile laki mkononi. Analipa 35,000 kwa kutumia kama 50,000. Anaamka saa kumi usiku, anauza hadi sufuria linakwisha, na mtaji haukui.

Shirika dogo la mtaani lenye nia ya kupunguza umaskini wa mjini halina haja ya kutafuta fedha za kumkopesha mama huyu. Fedha zipo kwake na kwa jirani zake, ila hazijakaa mahali pamoja. Kazi ya shirika ni kufundisha utaratibu wa kikundi cha hisa, ambako watu wanaweka akiba kila wiki kwa kununua hisa, wanakopeshana akiba hiyo, na mwaka ukiisha wanagawana; kisha kusimamia mwaka wa kwanza na kuondoka. Utaratibu wenyewe si mgeni. Shirika la CARE liliuanza na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima, na VICOBA zetu, vikundi vya kuweka na kukopa vya Tanzania, zina mizizi hukohuko.

Watu 15 hadi 25 wanatosha. Wakipungua hapo fedha za kukopeshana haziwi za maana, wakizidi kikao kinakula siku nzima na wenye genge hawarudi tena. Mjini kuna jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya vijijini haiwazi: wanachama wengi ni wapangaji. Kodi ikipanda, mtu wa Dar es Salaam anahama kutoka Manzese hadi Mbagala, na deni lake linahama naye. Kwa hiyo usikusanye watu kwa kuwa wanaishi nyumba moja. Wakusanye kwa kuwa wanauza soko moja, wanashona fremu moja, wanapaki bodaboda kijiwe kimoja. Chumba mtu hukihama kwa urahisi. Meza yake sokoni haiachi hivihivi.

Vifaa ni vichache. Sanduku la bati lenye sehemu tatu za kufuli, kufuli tatu za funguo tofauti, vitabu vya akiba kwa kila mwanachama, muhuri na pedi ya wino, kikokotoo, mabakuli mawili na mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa hisa na mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu wasio viongozi. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hapo usilegeze kamwe, hata kama mtunza sanduku ni mchungaji au mke wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Si suala la kumshuku. Ni kumlinda, maana siku fedha zikipungua hakuna atakayeweza kumnyooshea kidole.

Bei ya hisa ndiyo uamuzi mgumu kuliko wote, na vikundi vingi huukosea siku ya kwanza kwa sababu ya aibu. Ukiuliza mbele ya watu "tuweke hisa shilingi ngapi?", wenye uwezo watasema 5,000 na wanyonge watanyamaza. Uliza hivi: wiki ya mvua kubwa, soko limejaa maji na hujauza kitu, ungeweza kutoa ngapi? Jibu la mnyonge kabisa ndiyo bei ya hisa. Tuchukue 2,000. Kila kikao mtu ananunua hisa moja hadi tano, yaani 2,000 hadi 10,000, na hapo mwisho. Ukomo wa hisa tano upo ili mwenye duka la jumla asimiliki nusu ya sanduku kisha akawa ndiye anayeamua nani akopeshwe.

Kikao chenyewe kinafuata mpangilio uleule kila wiki. Kufuli zinafunguliwa mbele ya wote. Kabla fedha hazijatolewa, wanachama wanataja kwa mdomo salio la wiki iliyopita, halafu wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti. Mfuko wa jamii unatangulia: kila mtu 500, sawa kwa sawa, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Ndipo zinafuata hisa. "Namba saba!" Namba saba anasimama, anaweka 6,000 kwenye bakuli, bakuli linahesabiwa, katibu anafungua kitabu chake na kugonga mihuri mitatu kwenye mstari wa wiki hiyo. Visanduku viwili vilivyobaki vinapigwa mstari papo hapo, ili asiwepo wa kuja kuongeza muhuri baadaye. Mwanachama anarudishiwa kitabu, anakagua, kisha kitabu kinaingia sandukuni. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole na haibiwi. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kuondoa mihuri waandike tarakimu ili kikao kiwe cha haraka. Tarakimu moja ikiongezewa sifuri, mnaanza kutafutana.

Wiki nne za kwanza ni kuweka tu. Baada ya hapo mikopo inatolewa kila wiki ya nne. Ukomo ni mara tatu ya akiba ya mtu, muda usiozidi miezi mitatu, na riba ambayo kikundi kimeiandika kwenye katiba, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10 kwa mwezi. Maombi yakizidi fedha zilizopo, wote wanapunguziwa kwa majadiliano. Viongozi wasitangulie kukopa. Mwenyekiti akichelewesha rejesho mara moja tu, mwezi unaofuata wanachama nusu watachelewesha, na hakuna atakayekuwa na uso wa kumdai mwenzake.

Mwezeshaji wa shirika asiguse fedha, hata kwa kusaidia kuhesabu. Miezi mitatu ya mwanzo ahudhurie karibu kila kikao, kisha apunguze, na kufikia mwezi wa tisa tangu kikundi kianze aje kutazama tu. Shirika lisiweke fedha zake sandukuni kama motisha. Mtu akikopa fedha ya jirani yake anairejesha, maana anamwona kila asubuhi. Fedha ya mradi huhesabiwa kuwa ya wafadhili, na sandukuni huwezi kutenganisha noti moja na nyingine.

Tahadhari hiyohiyo iende kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile isiyo na riba inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa, ikarudi mwaka 2024. Ni fursa nzuri kwa kikundi kilichokwisha kuzoea kurejesha. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo huo hufa siku kikiupata. Mkichukua, uwe na akaunti yake na daftari lake, usiingie kwenye sanduku la hisa. Na kikundi kisajiliwe kwanza: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili unafanyika halmashauri.

Sanduku likinenepa, wezi nao husikia. Hatari kubwa ni wiki za mwisho, marejesho yote yanapoingia. Wengine huhamishia salio kwenye huduma za simu za vikundi kama M-Koba, ambako fedha haitoki bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Inafaa sana kwa kutunza salio. Lakini michango ikianza kutumwa kutoka nyumbani, kikao kinapwaya, na kikao kikipwaya hakuna anayejua nani anadaiwa. Salio likae kwenye simu, watu waendelee kukutana.

Akiba ikizoeleka inaweza kufika mbali kuliko mtaji wa genge. Wakazi waliohamishwa Kurasini, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa bandari, wakiwa kwenye vikundi vya akiba vilivyosaidiwa na CCI, shirika lisilo la kiserikali, walinunua ekari 30 Chamazi na kujenga nyumba kwa matofali ya kufungamana waliyofyatua wenyewe.

Mwaka ukiisha mnavunja, kama wenyewe wanavyosema, yaani mnagawana fedha za hisa pamoja na faida. Mkopo wa mwisho utolewe mapema kiasi kwamba madeni yote yawe yamerudi wiki nne kabla ya siku hiyo. Kikundi kikivunja huku wawili bado wanadaiwa, waliobaki hugawana hasira. Tuseme wanachama 22 wamenunua jumla ya hisa 2,860, na mfuko wa hisa na mikopo una 7,436,000. Gawanya: kila hisa ni 2,600. Aliyenunua hisa 130 aliweka 260,000, anaondoka na 338,000. Mfuko wa jamii haugawanywi, unavuka mwaka. Kila kitabu kilicholipwa kinapigwa mstari wa wino mwekundu ukurasa kwa ukurasa, wanaotaka kutoka wanatoka, bei ya hisa inajadiliwa upya, na funguo tatu zinakabidhiwa watu wengine watatu.