Siku moja na chupa ya jini: kila kiungo na saa yake

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya mswaki na kabla ya kahawa, nafungua kabati na kuitoa chupa ya jini, ile pombe yenye harufu ya mreteni, ninayoitengeneza nyumbani kwa kuroweka viungo. Ulimi wa alfajiri haujaguswa na kitu, na huo ndio ninaouamini. Jana saa 3 usiku nilimimina humo mililita 700 za vodka ya asilimia 40, nikatia gramu 20 za mbegu za mreteni, mti ambao Waingereza huuita juniper, na gramu 8 za mbegu za giligilani, nikafunga, nikaiweka gizani. Ilikuwa angavu kama maji. Sasa imeshika rangi ya majani makavu.

Nachota kijiko kimoja cha chai, naongeza kijiko kimoja cha maji, ndipo naonja. Pombe ya asilimia 40 ikiingia kinywani bila maji huutia ulimi ganzi, na ulimi wenye ganzi haupambanui kitu. Mreteni umeshafika: ule ubichi wa msonobari uliokatwa sasa hivi. Nyuma yake inakuja giligilani, na ndani ya pombe hainukii kama ya kwenye mchuzi. Inakaribia harufu ya ganda la limau.

Saa 12:15 asubuhi

Naitikisa chupa taratibu na kuirudisha kabatini.

Tunaziita mbegu za mreteni, wengine husema matunda, lakini kila kimoja ni koni, ndugu wa koni ya msonobari, isipokuwa magamba yake yamenenepa na kushikana hadi yakawa kama tunda. Koni hizi huchukua zaidi ya mwaka mmoja kuiva, ndiyo maana mti mmoja huwa na za kijani na za buluu kwa wakati mmoja. Mimi huzibonyeza kwa ubapa wa kisu mpaka zipasuke, basi. Ukizisaga ziwe unga, uchungu wote hutoka na kuchuja kunakuwa mateso. Nanunua zilizokaushwa kwa ajili ya kuliwa. Kuna mreteni mwingine, Juniperus sabina, wenye sumu, kwa hiyo asiyeijua miti hii vizuri asichume porini.

Na bila mreteni hakuna jini. Hata jina limetoka kwenye mmea huu, kupitia neno jenever la Waholanzi. Viungo vingine vyote ni wageni wake.

Saa 2 asubuhi

Kazi. Nahakiki hesabu nikiwa nyumbani, kwa hiyo meza yangu na kabati la chupa havipishani hatua kumi. Saa mbili zinapita kwenye tarakimu za watu.

Saa 4 asubuhi

Iliki mbili, zimepasuliwa kidogo, zinaingia kwenye chupa. Mbili tu. Iliki haina haya, ukiipa nafasi itaisemea chupa nzima.

Saa 5 asubuhi

Sasa mdalasini. Nakata kijiti cha sentimita 3, nakifunga uzi mweupe, nakitumbukiza na kuuacha uzi ukining'inia nje ya mdomo wa chupa ili nikivute wakati ukifika. Nimepanga saa mbili na nusu, yaani kitoke saa 7:30.

Uzi huu una historia yake. Chupa yangu ya kwanza nilitia kila kitu kwa pamoja, mreteni, mdalasini, karafuu, maganda, nikaiacha wiki nzima nikiamini kwamba kukaa sana ndiko kukolea. Nilipoifungua ilinuka dawa ya kikohozi. Mreteni haukuwepo kabisa, umefunikwa. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeisubiri siku saba. Ndipo nikaelewa kwamba pombe haichagui: huanza na manukato mepesi, na usipoiwahi huendelea kuchota ukali na ukakasi wa kwenye magome na maganda. Siku hizi sihesabu vitu ninavyotia. Nahesabu saa za kuvitoa.

Saa 6:30 mchana

Mdogo wangu anapiga simu. Naye ameanza kuroweka ya kwake, na hana subira.

"Dada, si niipashe moto kidogo tu iive haraka?"

"Usithubutu. Mvuke wa pombe hushika moto kabla hujajua."

"Basi niikeneke. Nimeona mtu kaunganisha sufuria na mrija."

Hapo nikaiacha kalamu. Nikamwambia kukeneka pombe nyumbani, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake uwe pombe kali, ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na kwamba asiyejua kazi hiyo anaweza kukusanya methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Nikamweleza kuhusu Marekani kati ya 1920 na 1933, pombe ilipopigwa marufuku. Watu walichukua pombe ya ovyo, mara nyingine ile ya viwandani iliyotiwa sumu ili isinywewe, wakaificha ladha yake kwa mreteni. Jini ya namna hiyo ilipewa jina la beseni la kuogea, na wako walioilipia kwa macho na kwa uhai. Njia yetu inaanza na vodka halali iliyokwisha kutengenezwa, na viungo haviwezi kuisafisha pombe mbaya.

"Sawa, dada," akasema. "Nitasubiri."

Saa 8:10 mchana

Kikao cha simu cha dakika 20 kilianza saa 7 na ndiyo kwanza kinaisha. Nakimbilia kabati, navuta uzi. Mdalasini umekaa saa tatu na dakika kumi.

Naonja. Haujaharibika, lakini umesogea mbele: kuna utamu wa joto unaobaki kooni ambao sikuutaka. Naonja tena na kukaa kimya kidogo. Nilikuwa nimepanga ganda la limau na la chungwa. Chungwa nalo lina utamu wake, na likikutana na mdalasini huu mreteni utazama. Chungwa nalirudisha kwenye kikapu.

Saa 8:30 mchana

Limau nalifanyia kazi kwa utulivu. Naliosha kwa maji ya moto na kulisugua, kwa sababu nta inayopakwa kwenye ngozi ingeingia chupani. Kisha kisu kidogo chenye makali, kimelala karibu sambamba na ngozi. Nataka ile njano peke yake, nyembamba kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Panapobaki weupe naugeuza utepe na kuukwangua, kwa kuwa weupe ndio makao ya uchungu. Nikiukunja utepe mmoja, mafuta yanaruka vitone vidogo na chumba chote kinanukia. Tepe mbili zinaingia. Zitakaa hadi usiku.

Saa 12 jioni

Kazi ya mezani imekwisha. Kijiko kimoja, maji kijiko kimoja. Limau limefanya nililoliomba: limeunyanyua mreteni na kuurudisha mdalasini nyuma, ingawa bado yupo.

Saa 3 usiku

Saa 24 zimetimia. Nachuja kwanza kwa kitambaa, halafu kwa karatasi ya kahawa, tone kwa tone, bila kukamua, maana kukamua huteremsha machujo na ukakasi. Inachukua karibu saa nzima na siioni kuwa ndefu.

Rangi ni dhahabu hafifu. Jini za dukani nyingi hazina rangi kwa sababu hukenekwa pamoja na viungo, na rangi haipandi na mvuke. Aina ya jini iitwayo London gin lazima itengenezwe hivyo kisheria, hivyo hii yangu haistahili jina hilo na silitaki. Rangi ni alama ya vilivyolala humo.

Kipimo cha mwisho ni glasi ndogo yenye maji baridi sana. Namimina jini kidogo, na ukungu mweupe unatanda polepole. Ni mafuta ya mreteni na giligilani: yaliyeyuka kwenye pombe, sasa maji yamezidi na hayana pa kujificha. Wengine huuona kama kasoro. Mimi huufurahia, unaniambia manukato yameingia kweli.

Nakunywa glasi hiyo moja. Halafu naandika kwenye lebo kwa kalamu ya wino usiofutika: mreteni 20, giligilani 8, iliki 2, limau tepe 2, saa 24. Na chini yake: mdalasini saa 3 na dakika 10, umezidi, safari ijayo saa 2, na simu iwekewe kengele.