Losheni ya jua na vifaa vya kayaki: madhara huanzia viganjani

Mpira wa kifuniko cha chumba cha mizigo cha kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) ukianza kunata vidoleni, wengi hulaumu chumvi ya bahari. Mara nyingi kosa ni la mafuta. Mpira asilia hunyonya mafuta, huvimba na kulegea, kisha jua la Dar huupasua. Losheni ya jua, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando: yote hufika hapo kwa njia moja, viganja vyako.

Losheni yenyewe usiiache, tafadhali. Kutoka Msasani hadi kisiwa cha Bongoyo hakuna kivuli, na mwenye ualbino ndiyo kabisa asiingie majini bila kujipaka.

Jipake nyumbani, dakika 20 kabla ya kugusa chombo. Halafu nawa viganja kwa sabuni, ukiacha losheni migongoni mwa mikono. Ukijipaka tena baharini, kila baada ya saa 2, imimine kwenye mgongo wa mkono mmoja na uisambaze kwa mgongo wa mkono wa pili. Fulana ya mikono mirefu hupunguza sana kazi hiyo. Losheni ya kupuliza ni ya kuepuka: upepo unaipeleka kwenye miwani na mfuko wa simu. Baadhi ya kemikali za losheni zinazochuja jua, kama oksibenzoni, hulainisha plastiki, ndiyo maana mfuko unaoonyesha ndani hufifia na vanishi ya kafi la mbao hubaki na alama za vidole. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET ni kali zaidi kwa plastiki, ikae mbali na miwani.

Kusuuza kwa maji matupu hakutoshi, mafuta hayatoki. Weka vijiko 2 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 10, futa kwa sponji laini vifuniko, shina la kafi, kiti na mikanda ya jaketi la kuokolea, kisha suuza. Petroli na tina ya rangi zisikaribie mpira.

Madoa ya rangi ya kutu kwenye jaketi au fulana nyeupe ni suala jingine. Avobenzoni, kemikali nyingine ya kuchuja jua iliyomo kwenye losheni nyingi, hukutana na madini ya chuma, na maji ya baadhi ya visima huwa nayo. Ukitia jiki, doa hukolea. Osha mafuta kwanza kwa sabuni, kamulia ndimu, acha kidogo, suuza vizuri, hasa penye zipu.

Mpira ulioanza kunata haurudi kuwa mpya. Uoshe, ukauke kivulini, upake poda, utakufaa kwa muda. Uvute taratibu: ukiona nyufa, badilisha kifuniko kabla ya safari inayofuata, maana wimbi likipita hapo chumba kinajaa maji ukiwa katikati ya mkondo.