Dubai hadi Guangzhou: Saa za Tiketi na Saa za Angani

Mwezi wa Desemba nilimsindikiza shangazi yangu Guangzhou kununua vitambaa. Tukiwa bado Dubai, aliisoma tiketi yake kwa makini, kisha akaniuliza jambo ambalo wasafiri wengi hulipita bila kulitazama: kwa nini kwenda kulionekana kuchukua saa 11, ilhali kurudi kwa njia hiyohiyo kulionekana kuchukua saa 4 na nusu tu.

Nilianza na umbali, kwa sababu huo haubadiliki. Kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 5,830 kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ingawa ndege hukata zaidi kidogo kwa kufuata njia zilizopangwa angani.

Kinachobadilika ni saa. Tiketi huandika muda wa kuondoka kwa saa za mji unaouacha, na muda wa kufika kwa saa za mji unaouendea. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na jua lenyewe linathibitisha hivyo, maana dunia huzunguka digrii 15 kila saa na miji hiyo imeachana kwa digrii 58 hivi. Tuliondoka saa nne asubuhi tukatua saa tatu usiku za kule. Ukiondoa saa 4, tulisafiri saa 7. Kurudi tuliondoka saa sita na robo usiku, tukafika Dubai saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Hapo saa 4 huongezwa, na safari inakuwa ya saa 8 na nusu.

Shangazi hakuridhika, na alikuwa na haki. Ikiwa umbali ni uleule, hiyo saa moja na nusu inatoka wapi?

Inatoka kwenye upepo. Wakati wa majira ya baridi, katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, mkondo wa upepo wenye nguvu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kusini mwa milima ya Himalaya, na njia fupi ya kutoka Dubai hadi Guangzhou hupanda hadi karibu digrii 27 kaskazini, ndani kabisa ya eneo la mkondo huo. Tuseme ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa na upepo ni wa kilomita 100: ukiisukuma, kilomita 5,830 humalizika kwa muda usiofika saa 6, ukiikabili, zinahitajika saa 7 na zaidi, kabla hujahesabu kupaa na kutua. Majira ya joto mkondo huo huhamia kaskazini mwa uwanda wa Tibet, na tofauti hiyo hupungua sana.

Maelezo haya yalimfikia upesi kuliko hesabu zangu zote. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, na nyumbani kwao safari ilipimwa kwa kaskazi na kusi kabla ya kupimwa kwa maili. Usiku wa kurudi aliitazama skrini iliyokuwa mbele ya kiti chake, akaona mwendo wa ndege umeshuka chini ya kilomita 800 kwa saa, akaniambia nimwarifu mwanawe tukifika asitulaumu, kwa kuwa upepo ulikuwa wa mbele.