Matajiri wa Uingereza na maji yao, tuliojaza madumu tusogee hapa

Wiki hii mtaani kwetu mgao umekaza, maji yakija yanakuja saa nane usiku na umeme nao ukiwa umekatika basi mota haiwashi, tenki la juu linabaki kavu. Ndo nikajikuta nasoma jinsi matajiri wa Uingereza enzi za Malkia Victoria walivyokuwa wanaendesha maji kwenye mashamba yao bila mota ya umeme hata moja.

Wa kwanza ni Duke (mtawala wa kikabaila) wa Devonshire, kwenye jumba lake la Chatsworth. Mwaka 1843 alisikia Tsar, yaani mfalme mkuu, Nicholas I wa Urusi huenda akamtembelea, akamwambia msimamizi wake wa bustani, Joseph Paxton, nataka chemchemi ya kumtoa mgeni macho. Paxton akachimbisha ziwa zima juu mlimani, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa nyumba, watu wakipiga kazi mpaka usiku kwa mwanga wa moto, miezi sita kitu kimekamilika. Akashusha bomba la chuma mpaka bustanini na maji yakaruka yenyewe, rekodi yake ni mita 90 hivi, presha ya mteremko tu. Ni lile lile tenki letu la kwenye mnara, ila lao ni ziwa. Na Tsar hakuja! Jina la Emperor Fountain, yaani Chemchemi ya Mfalme Mkuu, likabaki, mgeni hajatia mguu. Mimi naona hiyo ni sifa tu, ingawa baadaye, 1893, maji ya mlimani yakawekewa tabo, mashine zinazozungushwa na maji, za kuzalisha umeme wa nyumba, hapo sasa nikaanza kumuelewa.

Ila aliyenikuna ni William Armstrong, mwenye jumba la Cragside. Huyu alianza kama mwanasheria, mambo ya maji yakamteka, akatengeneza kreni za haidroliki, yaani za kuendeshwa kwa presha ya maji, akatajirika. Kwake alikuwa na lifti inayopandishwa na presha ya maji, na jikoni hata ule mshikaki mkubwa wa kuchomea nyama ulikuwa unazungushwa na maji, yaani mpishi hashiki kitu. 1878 akawasha taa ya umeme kwa maji ya ziwa lake, na 1880 akafunga balbu za mvumbuzi Joseph Swan.

Sasa kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakikuwekwa pa kuonwa na wageni, kilifichwa huko bondeni kwenye majani: haidroliki ramu, pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya maji yenyewe. Unajua ule mshindo wa DUP ukifunga koki ghafla na bomba zima linatetemeka? Fundi bomba anauogopa maana unapasua viungo. Mfaransa Montgolfier mwaka 1796 akaufanyia kazi. Maji yanashuka kwenye bomba, yakishika kasi yanaibamiza valvu inajifunga, mshindo unayasukuma maji kidogo yapite valvu ya pili isiyorudisha, yanaingia kwenye chupa ya chuma yenye hewa, ile hewa ikibanwa inayasukuma yapande mlimani. Presha ikitulia valvu ya kwanza inafunguka, mchezo unaanza upya, tup, tup, tup, usiku na mchana, hakuna mafuta, hakuna luku.

Ubaya wake ni kumwaga. Mteremko wa mita 2 ukitaka upandishe mita 20, katika lita 100 zinazoingia utapata kama 6 au 7, zingine zinarudi mtoni. Kwahiyo wa Tabata na Mbagala msikimbilie Kariakoo kuulizia, sisi huku tambarare na hatuna kijito cha kuchezea. Ila mwenye shamba Lushoto au Uluguru, mto uko chini nyumba iko juu, na kila mwezi unanunua petroli ya pampu, aisee kaa na fundi wa kuchomelea mwenye akili mzungumze, maana mwili wa hiyo kitu ni bomba, valvu mbili na chupa ya hewa, basi.